Zamu Yangu Yapanda Basi

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
stendi ya Tukuyu imejifunika ukungu hadi masikio.
Namkabidhi Gwakisa, kondakta, kikopo cha mafuta ya mgando.
Ndani ya kikopo, juu ya pamba, imelala flashi.
Ndani ya flashi, dunia: bahari mbili, falme tano,
na mji wangu mmoja wenye kaya tatu na ghala tupu.
"Mafinga," namwambia. "Kwa Anyitike, duka la misumari."
Gwakisa haulizi tena. Mwezi wa kwanza aliuliza.

Tungeweza kutumiana kwa simu, dakika moja, kwisha.
Anyitike hataki. Vita, asema, vina heshima vikisafiri,
vikisimama Igurusi watu wanunue mchele,
vikichelewa mizani ya Makambako.
Basi zamu moja ni wiki moja.
Tulianza mahindi yakipandwa; sasa yanabeba,
nami juzi tu nimegundua gurudumu.

Mchana napima chai ya watu, kilo kwa kilo,
daftari limelowa, kalamu inateleza.
Mkono uko kwenye mizani,
akili iko kule, kwenye ardhi ya pembe sita.

Zamu ya kwanza sikujenga hekalu.
Hekalu ni la mwenye kuta.
Nilituma skauti mashariki, akakuta moshi:
Malkia Ordani, salamu ndefu, meno yote nje,
na mikuki imepangwa mpakani, "kwa mazoezi."
Magharibi yuko Mfalme Tolmo,
hapendi mtu ajenge karibu na ziwa lake,
ambalo bado si lake.
Huyu nimempa ng'ombe. Yule nimempa ahadi.
Ahadi ni nafuu kuliko ng'ombe,
na huoza polepole.

Mama alipakana na Mwaijande, migomba kwa migomba.
Kila msimu masale ya mpaka yalihama hatua moja,
usiku, yenyewe, kana kwamba yana miguu.
Mama hakwenda baraza.
Alfajiri alitoka na khanga yake, akamwamkia,
"Ughonile, Mwaijande,"
amesimama palepale masale yalipokuwa jana.
Akasimama hapo miaka minne.

Jumanne kikopo kilirudi na karatasi imekunjwa:

*Salamu zangu pokea, jirani ng'ambo ya mto,*
*Kuta zako zalegea, hafifu kama za ndoto,*
*Farasi nimewalea, wana mbio kama moto,*
*Zamu yako nangojea, usijifanye mtoto.*

Miaka tuliyolala nyumba moja
hakuwahi kuniandikia hata orodha ya sokoni.

Nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti,
mvua ikigonga bati kama mtu anayedai deni.
Kisha nikawasha kompyuta kabla umeme haujabadili mawazo.
Farasi wanataka uwanda. Uwanda uko mmoja,
kati ya msitu na kilima chenye mawe.
Msituni nina wapiga mishale wawili; hajawaona.
Kilimani nimepeleka walowezi, bila ngao, bila ngoma,
wakaketi tu, wakachimba kisima.
Atakapofika na mbio zake atakuta watu wanachota maji.
Na Malkia nimemnong'oneza, kwa bei ya chumvi,
kwamba Mafinga kuna dhahabu na walinzi wamelala.
Si uongo wote. Dhahabu ipo.

Nilijisifu peke yangu, nikapasha ndizi za jana,
nikala nimesimama mbele ya kioo cha kompyuta
nikimtazama kila kiongozi usoni, mmoja mmoja,
kama anayehesabu wageni wa msiba
ajue nani alikuja kwa pilau.

Sasa basi linapanda, linakohoa,
taa zake mbili nyekundu zinayeyuka ukunguni.
Limeshapinda kuelekea Katumba
ndipo nakumbuka:
mkuki wa lango la kaskazini, sikuusogeza.

Wiki nzima lango liko wazi.

Nafunga koti. Kuna watu wameshapanga vikapu kule mizani,
na chai haijui kama mimi ni dola.