Picha ya Walimu

Imetundikwa mlangoni, pale walipopimia sufu,
juu ya mizani ya chuma iliyotushinda kuing'oa.
Shule yetu ilikuwa kiwanda cha mablanketi.
Siku za mvua kuta bado hunuka kondoo,
na mtoto mgeni, fidla kwapani, huniuliza
kama kuna mnyama aliyefungiwa ghorofani.
Namwambia yupo. Anaitwa Mwalimu Abílio.

Ndiye huyo wa kwanza kushoto, wa tromboni,
ndani ya koti la harusi ya kaka yake.
Mchana huuza matairi njia ya kwenda Guarda.
Saa kumi na moja huingia na kucha nyeusi,
ananawa mara tatu,
kisha anawafundisha kupuliza bila chombo, midomo mitupu:
pu, pu, darasa zima kama banda la njiwa.
Hajapata kumwambia mtoto kwamba amekosea.
Husema, "Hiyo nayo ni sauti. Haya, tutafute nyingine."

Aliyeketi ni Dona Hermínia wa piano,
miaka themanini kasoro mmoja.
Mkono wake wa kushoto umeanza kumwasi.
Wazazi hawajui. Sisi tunajua,
maana siku hizi kila somo humwita mwanafunzi mmoja:
"Njoo kaa hapa, leo wewe ndiwe kushoto kwangu."
Nao hudhani ni mbinu.
Labda ni mbinu.
Sijaona watoto wakisikilizana namna ile.

Mrefu kuliko wote, Ivanildo.
Alivuka kutoka Mindelo kuja kusomea uhandisi wa nguo;
akaikuta sello kwenye stoo yetu, haina mwenyewe, haina nyuzi mbili.
Uhandisi ukaishia hapo.
Fedha za manispaa huja kwa mwendo wa konokono,
ila konokono ana nyumba yake,
na Ivanildo anadaiwa kodi tangu Februari.
Wiki jana nilimkuta usiku anafundisha
mtoto aliyekwisha kufutwa kwenye daftari kwa kukosa ada.
Taa aliizima nusu, ili nisione.
Nikapiga deki upande wa pili.

Quitéria wa dansi, miguu mitupu, Januari,
theluji ikiwa mlimani juu ya paa letu.
Yeye na Abílio hawasemezani mwaka wa pili sasa,
kisa saa ya Alhamisi ya ukumbi mkubwa.
Mimi ndiye posta yao. "Mwambie afunge dirisha."
"Mwambie lilikuwa limefungwa."
Lakini tazama mabega:
baridi imewasogeza, hakuna aliyenituma.

Huyo wa mwisho, mdomo wazi, kodiani tumboni,
ni Teodósio. Basi la Unhais lilichelewa.
Picha nzuri, ya watu waliotulia, ilikwisha kupigwa;
yeye akapanda ngazi mbiombio, akakanyaga kiti cha Hermínia,
kodiani ikatoa mlio wa bata aliyekaliwa.
Ikapigwa nyingine. Macho yamefumba, meno nje,
Ivanildo kichwa hakionekani vizuri.
Hii ndiyo waliyoichagua.

Na huyo katikati, mwenye rangi ya samawati shingoni,
asiyejua mikono yake aiweke wapi,
ni Zulmira wa uchoraji.
Kamera ni yake. Miaka kumi na mmoja ndiye mpigaji,
kwa hiyo miaka kumi na mmoja hayumo;
kwenye picha za nyuma ni kivuli tu
kinacholalia viatu vya wenzake.
Safari hii nilikuwa napita na ndoo.
Nikaiweka chini, nikafuta viganja kwenye aproni,
nikamwambia, "Nenda kasimame nao."
Akanionyesha kitufe mara mbili, kama anavyowaonyesha wadogo.

Kule juu kulia, lile wingu la waridi
lisilo na umbo, usilifute ukidhani ni vumbi.
Wengi wamejaribu. Kioo kimechubuka.
Ni kidole changu.