Msumari

Jumanne usiku niliikuta ofisi yake tupu.
Picha imeng'olewa, msumari umebaki,
na pale ukutani mraba mweupe
kama ngozi iliyofunikwa plasta siku nyingi.

Miaka tisa nafagia jengo la manispaa,
hapa Harlow Falls, jimbo la Maine,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.
Sasa naulizwa.

Bi Thibodeau, anayeutaka umeya,
alisimama mlangoni pangu, viatu vimelowa:
"Walimfukuza, sivyo?"
Kesho yake meya mwenyewe, Bwana Pelkey:
"Amestaafu. Moyo wake, unajua."
Nsimire ni jina la silabi tatu.
Kila mmoja alilivunja kwa njia yake.

Mabango yamezidi majani yaliyopukutika:
MRUDISHENI OUELLETTE. AENDE SALAMA.
Jirani zangu wanayo yote mawili,
la mume kando ya gereji,
la mke chini ya dirisha la jikoni.

Niliona nini?
Bahasha yenye funguo.
Kahawa nusu kikombe, imeota utando.
Karatasi zilizosagwa nyembamba kama tambi,
mfuko mzima, nikaufunga fundo
nikautoa nje, maana ndiyo kazi.
Penye wengi pana mengi, twasema.
Mimi nilikuwa peke yangu na ufagio.

Leo nimepiga kura yangu ya kwanza,
katika ukumbi unaonuka mpira na jasho la watoto.
Jioni nikaja na koleo niung'oe ule msumari.
Msimamizi akanizuia:
"Uache. Ajaye naye ana picha."