Fundo la Paora

Ndoana kumi na mbili alizifunga jana usiku
mezani jikoni, hita ikimchoma magoti,
vidole vyake vimevimba kama tangawizi,
vikishindana na uzi usioonekana.
Nikajifanya nasoma gazeti.
Saa nne. Saa tano. Kila fundo alilitia mate,
akalikaza kwa meno, akalisogeza kwenye taa,
mengine akayakata, akaanza upya
bila neno.

Alfajiri sakitu imelala juu ya trela.
Tevita wa nyumba ya pili kaja na kofia ya sufu ya mkewe,
ya waridi, wala haoni haya:
baridi, asema, haichagui rangi.
Tukaishusha boti Kawakawa. Maji yakaingia buti la kushoto,
na tangu hapo mguu ule
haukuwa wangu.

Julai. Ghuba ya Hauraki imetulia kama uji uliopoa.
Wakati wa joto hapa ni soko, boti kwa boti, redio kwa redio;
leo ni sisi na shakwe mmoja
anayetutazama kama mdai.
Tukatia nanga ubavuni mwa Pakihi, kwenye mawe,
maji mafupi ambayo wenye boti kubwa huyacheka.
Kifuko cha chambo kikaanza kuvuja mafuta,
utepe unaong'aa, ukielekea kaskazini polepole.

Changu wa kipupwe hana haraka.
Haumi. Anauliza.
Anabisha hodi kwa ukucha,
na ukijibu kwa pupa anaondoka na heshima zake.
Kwa hiyo usivute. Miaka thelathini na mmoja
Paora amenifundisha kutovuta.
Mpe mshipi, hesabu mpaka nne, mpe tena.

Supu ya maboga ikaisha kabla ya saa tatu.
Tumepata wawili wa kipimo. Na mmoja mtoto,
tukamrudisha kwao.
Tevita akaimba puani wimbo wa kanisa, akauacha njiani.
Dagaa wa barafu walikwisha kunila ncha za vidole;
mshipi niliushika
kwa imani tu.

Hodi.
Moja. Mbili.
Hodi tena.
Tatu.
Sikuvuta.
Nne, na ufito ukainama kama mtu aliyeangusha ufunguo,
mshipi ukatoka ukilia, ukatoka, ukatoka,
moja kwa moja kwenye mawe.
Changu! nikapiga kelele.
Bado si chako, akasema Tevita, akiing'oa nanga.

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka
sikumfikiria samaki hata kidogo.
Nililiona fundo, kule chini gizani,
dogo kuliko punje ya mtama,
limebeba uzito wote wa kitu kisichotaka kuja,
na mate yake yamo ndani.
Nikaliambia: wewe, usinifanyie hivyo. Usimfanyie yeye.

Akapanda. Kifua cha shaba, nundu kipajini,
na mgongoni vitone vya samawati
kama jiko la gesi lililowashwa kidogo.
Kilo saba na robo kwenye mizani ya Tevita,
ambayo haijawahi kumpendelea mtu.

Wengi huku hutupa vichwa.
Tevita alikipokea cha huyu kwa mikono miwili,
kama mtoto wa kubatizwa,
akavuka nacho ua, kumpelekea mwenye kofia.

Paora alikuwa mlangoni, mikono ndani ya mikono ya sweta.
Hakuuliza uzito. Hakuuliza ni wapi.
Fundo? akasema.
Nikampa ndoana, na shubiri moja ya uzi.
Lilishika, nikasema.
Akalipeleka kwenye taa, akaligeuza, akaligeuza,
nikadhani atalitunza kwenye kopo la vifungo.
Akachukua kisu, akalikata.
Limechoka hili, akasema,
akavuta kiti,
akaniomba uzi.