Herufi Iliyodondoka

Kazi yangu chapa, hapo Kibuye:
kadi za harusi, kadi za matanga.
Kosa la nukta silipitishi.

Leo daktari kanionyesha karatasi:
katika uzi nilioupokea kwa baba
kipande kimedondoka.
Si uchawi, si ujana wangu.
Baba alikuwa nao mzima;
ulikatika njiani, ukija kwangu.

Miaka sita Aloo kanywa mizizi ya mama yangu,
kikombe baada ya kikombe,
akifuta mdomo kwa leso, kimya.

Nimepita Kondele kwa miguu.
Mama yuko jikoni, anachemsha.
"Mwite mkeo."

Nimekipokea kikombe.
Nimekinywa mimi,
mbele yake,
uchungu wote,
hadi mashapo.