Sekunde Sitini

Kila kadi ya michoro inayofika mezani kwangu, hapa Oulu,
huipitia njia ileile:
mlango wa kiwanda cha mishumaa,
ngazi thelathini na mbili kushuka,
daraja la mawe kwenye mvua isiyojua kukatika,
muuza samaki mwenye kofia ya manyoya,
mpaka taa ya tatu. Hapo nasimama.
Sekunde sitini. Naandika namba.
Narudi mlangoni.

Mara tatu kwa kila kadi,
na mara tatu tena nikizidisha vivuli, miale,
ukungu wa mtoni.
Miaka sita sasa. Sijawahi kukunja kushoto.

Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ningefungua dirisha, kila kadi ingekuwa malaika.
Lakini Vieno, aliyenirithisha kiti hiki,
alibandika karatasi chini ya kipimajoto:
*Ishirini na moja. Anayepima penye baridi
anaipima baridi.*
Kwa hiyo dirisha limefungwa, nami nimevua sweta.

Ya leo imetoka Kemi, ndani ya boksi la viatu.
Kijana Eerikki kainunua kwa mtu asiyemjua
na anataka kuambiwa, kwa upole ikiwezekana,
kama ameuziwa mbuzi kwenye gunia.
Katikati ya mapezi yake ya shaba
nimekuta manyoya ya paka, ya rangi ya chungwa.
Basi ilipendwa, nikajisemea,
au angalau ilipashia mtu joto.
Feni ya kati inasaga kama anayetafuna mchanga.

Mzunguko wa kwanza: fremu tisini na nne, wastani.
Eerikki angeruka kwa furaha.
Mimi siamini wastani.
Wastani ni sebule, imefagiwa, ina vitambaa vya kochi.
Mimi huomba nionyeshwe jikoni,
ile asilimia moja ya mwisho,
fremu iliyochelewa ikaja inahema,
imevaa kiatu kimoja.

Mzunguko wa pili. Themanini na tatu, themanini na sita,
joto linapanda, na katikati ya daraja
picha inapata kigugumizi:
mvua inaning'inia hewani
kwa muda wa kupepesa jicho, kisha inakumbuka kunyesha.

Wa tatu, sekunde ya arobaini na moja,
kila kitu kikaganda.
Na kwenye ule mgando, puani pangu kabisa,
muuza samaki.
Mkono wake umenyooshwa. Juu yake samaki mmoja,
amefungwa kwa jani, uzi umepigwa fundo mbili.
Mtu fulani mahali fulani alikaa akachora lile fundo.
Miaka sita mkono huu umenyooka kwangu
na mimi nimeupita kwa fremu mia kwa sekunde,
nikiuona kama doa.

Nikaandika: *inakwama, feni ya kati ibadilishwe.*
Droo ina feni za kila namna; nikachomoa skrubu nne,
nikapaka mafuta mapya ya joto, punje kama ya dengu.
Mzunguko wa nne: tisini na saba,
na jikoni kwenyewe, sabini na moja.
Mkono wa yule mzee ukarudi kuwa doa.
Eerikki, hukuuziwa mbuzi. Ongeza euro nne za feni.

Saa kumi na moja jioni. Giza lilishaingia tangu saa tisa.
Ningezima, ningevaa makoti yangu mawili.
Badala yake nikaifuta ile hesabu ya kijani pembeni mwa skrini,
nikashuka ngazi polepole, kama mtu mwenye goti bovu,
nikasimama mbele yake, nikabonyeza.

Kumbe ana sauti. Ya mafua kidogo.
Akanitajia bei: vipande viwili vya shaba.
Nikafungua mkoba.
Mtupu. Miaka sita nimeukatiza mji huu
mbio, kwa saa mkononi,
sijachuma humo hata senti.

Nikamwomba aniwekee.
Nikakunja kushoto kutafuta kibarua.