Kumi Kurudi Moja

Tusekile aliniambia: fumba macho,
shuka ngazi, kumi kurudi moja.
Ngazi sina. Nyumba yetu Tukuyu haina ghorofa.
Nikashuka mteremko wa chai wa kina Mwakalobo,
viatu mkononi, tope likinipenya vidoleni.

Kumi. Tisa. Nane –
marejesho ya mkopo, Ijumaa!
"Yaache yapite," akasema, "kama lori la viazi."
Likapita. Likarudi. Likapita tena, tupu.

Tano. Taya ikalegea;
kumbe nimeibana mwaka mzima.
Tatu. Mvua juu ya bati, ile isiyo na haraka.
Mbili

Moja sikuifikia.
Nilipofumbua macho shingo ilikuwa nyepesi,
deni liko palepale,
nami nimelikalia
kama kigoda.