Sanduku la Chai

Klaivu alizaliwa hapa Mufindi, mwaka wa mvua ya mawe,
mtoto wa fundi mkuu wa kiwanda.
Baba yangu, Zefania Kihwele, alikuwa mtia mafuta:
kopo mkononi, kitambaa begani,
akizizunguka mashine za kusokota majani usiku kucha,
akitafuta bolti iliyolegea kwa sikio
kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto.

Yule mtoto alitoroka kitandani, akamfuata.
"Sikia," baba akamwambia, "rola hii inachechemea.
Moja, mbili, tatu, halafu inavuta mguu."
Wakapindua sanduku tupu la chai, la mbao na bati pembeni,
wakalichapa kwa vijiti vya mlanzi
hadi kule kuchechemea kukawa mwendo.

Alipofika miaka kumi na mmoja wakampakia kwenye Landrova.
Aliondoka akiyapiga magoti yake kwa vidole.
Ukungu ulifunga mlango kabla hawajafika Kibao.

Yaliyofuata tuliyapata vipande vipande,
kama redio ya betri zilizoanikwa juani.
Kwamba alipiga ngoma Uingereza, katika baa za chini ya ardhi,
bia ikidondoka kutoka darini.
Kwamba bendi ilikuwa ya watu wanne, nywele hadi mabegani,
viwanja vikajaa,
mwimbaji akapata picha gazetini, yeye akapata kisogo cha mwimbaji.
Kwamba alioa mara tatu.
Kwamba walimfukuza kwa barua ya wakili, ya mistari miwili.

Mwaka sabini na mbili ikaja santuri, posta ya Mafinga.
Hatukuwa na gramafoni.
Aliyekuwa nayo ni katekista wa Igowole;
alikubali kwa galoni ya ulanzi
na sharti kwamba masista wasijue.
Magitaa yalilia kama gogo linalopasuliwa kwa msumeno.
Katekista akaziba masikio. Baba akanyoosha kidole:
"Hapo! Umesikia? Bado inavuta mguu."
Akacheka mpaka akakohoa.
Jina la wimbo hakulijua hadi anakufa.
Panya walikuwa wamekula karatasi ya katikati.

Mwaka jana, Julai, baridi ya kung'ata masikio,
akashuka mzee mwenye viatu visivyojua tope.
"Kamwene," nikasema. "Kamwene," akaitika,
na Kiswahili kikamtoka kama alivyokiacha,
hakikukua, bado kimevaa kaptula.
Sikio la kushoto limekufa. Mkono wa kulia unatetemeka.
Chai ilimwagika kwenye kisahani, akainywa humohumo.

Aliuliza kaburi. Nikampeleka nyuma ya mikaratusi.
Nilidhani atalia, wageni hulia.
Alipiga goti, akaweka kiganja juu ya saruji,
na mkono ukaendelea wenyewe,
kucha zikigonga, zikigonga,
zikikosa, zikigonga.
"Nisamehe," akasema, "siwezi kuuzuia."
Sikujua anamwambia nani.

Kiwandani siku hizi mashine ni mpya.
Zinavuma moja kwa moja kama nyuki, hakuna inayochechemea,
na kijana wa zamu huvaa vizibo vya masikio.

Nilisimama nikihesabu. Moja, mbili, tatu.
Kisha nikamshika kiwiko,
maana mteremko ulikuwa na umande,
na viatu vile, kwa kweli,
havikuwa viatu vya huku.